Mbele ya Wanaotujua

Petro hakuwa mwoga wa silaha. Usiku ule bustanini alichomoa upanga mbele ya kundi la watu wenye mienge na marungu, akamkata mmoja wao sikio. Saa chache baadaye alikuwa uani kwa kuhani mkuu, ameketi na watumishi wakiota moto, na binti mmoja wa kazi akamkazia macho, akasema huyu naye alikuwa na Yesu. Petro akaruka kimanga. Yule binti hakuwa na upanga wala cheo, na hakuwa na amri ya kumfunga mtu. Alikuwa na macho tu, na macho hayo yalikuwa yamemtambua.

Kwa wengi wetu hofu inakuja kwa sura hiyohiyo. Hapa Tanzania hakuna anayekamatwa kwa kusema yeye ni Mkristo. "Bwana Yesu asifiwe" inasikika misibani, harusini, redioni na kwenye vikao vya kuchangisha fedha. Daladala na bajaji zimeandikwa jina la Yesu kwenye vioo vya nyuma, na maduka yanaitwa Ebenezer. Kila asubuhi watu wanaweka mistari ya Biblia kwenye simu zao ili marafiki waione. Pamoja na yote hayo, unamkuta mtu amekaa ofisi moja na mwenzake miaka na miaka, wamekula pamoja, wamechangiana harusi na kuzikiana wazazi, na hajawahi kumwambia kwa kinywa chake kwa nini anamwamini Kristo. Ukimuuliza sababu, atakuambia hataki kuonekana anajifanya mtakatifu. Atakuambia hataki kuitwa mlokole. Atakuambia hajui maandiko vya kutosha, na akiulizwa habari ya Utatu atakwama.

Siwezi kusema sababu hizo ni za uongo. Lakini naona chini yake kuna nyingine inayozibeba zote. Yule mwenzake anamjua. Anajua anavyozungumza na mke wake kwenye simu. Anajua habari ya ile posho ya safari iliyosainiwa na safari yenyewe haikuwepo. Alikuwepo siku alipomfokea dada anayeleta chai. Akifungua kinywa leo kusema habari za Yesu, maneno yake yatawekwa kwenye mizani palepale, na mwenye mizani ni mtu aliyeona mengi. Tunachokiogopa hasa ni kujulikana.

Ndiyo maana mara nyingi ni rahisi zaidi kuwahubiria watu tusiowajua. Sisemi hivyo kuwadharau wanaosimama ndani ya daladala za Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika Biblia, wakihubiri huku abiria wakigeuzia nyuso dirishani. Wanabeba aibu ambayo wengi wetu hatujaigusa hata kwa kidole, na nimewahi kumwona mama mtu mzima akifuta machozi kwa upindo wa khanga kwa sababu ya maneno ya mhubiri wa namna hiyo. Hata hivyo gari linafika kituoni na watu wanashuka. Hakuna anayejua mhubiri yule anaishi vipi na wanawe, wala kama anamlipa mwenye nyumba wake. Mkutano mkubwa wa injili uwanjani nao una hali hiyo: jukwaa liko juu, taa ni kali, na umati uko mbali. Ile sehemu ngumu inabaki ikitusubiri kwenye kibaraza cha jirani, kwenye meza ya ofisi, kwenye sebule ambayo kaka zetu wamekaa wakitutazama.

Sisi watu wa Maziwa Makuu tuna historia ya watu walioamua kuanzia kwenye sehemu hiyo ngumu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, na yeye alikuwa ameona watu wengi wakifa. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na wote walikiri kwamba kuna kitu kimepungua ndani yao. Wakakaa chini wakasoma Biblia na kuomba pamoja, Mwingereza na Mganda, jambo ambalo katika enzi ile ya ukoloni halikuwa la kawaida. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mtu wa kuhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu hukohuko Gahini, akawaka kwa ujumbe uleule, na alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Kifo chake hakikuzima kitu. Uamsho ulienea Rwanda, Burundi na Uganda, ukavuka hadi Kenya, ukaingia Bukoba na kuteremka Tanganyika. Huko Uganda wafuasi wake waliitwa Balokole, na jina hilo ndilo lililozaa neno "mlokole" ambalo leo watu wanaliogopa ofisini.

Uamsho ule watu wanaukumbuka kwa nyimbo zake, hasa Tukutendereza, ambao mpaka leo unaimbwa na Wakristo wa madhehebu mengi wasiojua hata ulikotoka. Mimi kinachonishika ni kitu kingine. Ushuhuda wa watu wale ulianza na toba ya waziwazi, na toba ile ilikuwa na malipo. Watu walirudisha mali walizoiba kwa waajiri na kwa majirani. Waume waliwaomba radhi wake zao mbele ya watu, katika jamii ambazo mwanamume hakuwa na desturi hiyo hata chumbani. Wamisionari Wazungu walisimama wakakiri kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwaamuru jana yake. Wenyewe waliyaita maisha hayo kutembea nuruni, na waliposalimiana swali lao lilikuwa la leo: moyo wako ukoje na Bwana, na je, kuna kitu kati yangu na wewe?

Ukishamrudishia mtu jembe lake kwa mkono wako mwenyewe, hana tena la kukutisha nalo. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha ujasiri wao. Wapinzani walitafuta la kuwaambia wakakuta limeshasemwa na wahusika wenyewe, tena kwa majina ya vitu, bei na tarehe. Na walipata wapinzani hata ndani ya kanisa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa sababu walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri na hawakukubali kunyamaza. Viongozi waliwaona ni watu wa fujo na wenye kujiona bora kuliko wengine. Sehemu ya lawama hiyo ilikuwa ya haki, nami nitairudia mbele.

Nikimtazama Petro kwa macho hayo, naelewa jambo ambalo zamani lilinipita. Habari ya kumkana Bwana imesimuliwa katika Injili zote nne. Kanisa lile la kwanza, lililokuwa likimheshimu Petro kuliko karibu kila mtu, lilikuwa likiisoma aibu yake kwa sauti katika ibada, naye angali kiongozi au kumbukumbu yake ingali mbichi. Mimi naamini ni yeye mwenyewe aliyeisimulia. Nani mwingine angejua alivyolia nje? Na katika kitabu cha Matendo ndiye yuleyule anayesimama mbele ya baraza la wazee, watu walewale waliokuwa na uwezo wa kumfunga kweli, akazungumza bila kuyumba hadi wakastaajabu, maana walimwona ni mtu asiye na elimu. Binti wa uani angekuwepo siku hiyo asingekuwa na cha kufichua.

Mambo haya si ya vitabu vya historia pekee. Kwenye ushirika mmoja wa nyumbani, upande wa Kimara, nilimwona mama mmoja muuza nafaka akisimama kutoa ushuhuda. Alisalimia, watu wakaitika, kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki kopo la bati la kupimia na kuliweka juu ya meza, kando ya chupa ya chai na sahani ya vitumbua. Kitako cha kopo lile kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka chini mpaka kikaingia ndani, kiasi cha upana wa vidole viwili. Ukilitazama kwa juu likiwa limejaa maharage, huoni kitu. Mama akasema, "Ndugu zangu, hili ndilo kopo langu." Hakuna aliyejibu. Karibu nusu ya waliokuwa sebuleni walikuwa wateja wake.

Akaeleza kwamba kabla ya kuja pale alikuwa amekwenda kwa jirani yake, mama wa Kiislamu ambaye wamepakana naye ukuta na ambaye watoto wake walikuwa wakitumwa dukani kwake karibu kila siku. Alikwenda na ndoo ya maharage. Alisema miguu ilikuwa inamtetemeka kuliko siku aliyosimama mbele ya usharika mzima kuimba peke yake. Akamwambia, "Jirani, nimekuja kukuomba radhi. Nimekupunja muda mrefu." Jirani akamtazama, akamkaribisha kwenye mkeka, akamjibu taratibu, "Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nakusitiri tu." Kisha akawaita watoto waje waipokee ndoo, na walipoondoka akamuuliza, "Nani kakutuma kuja kuniambia haya?"

Hapo mama yule alinyamaza kidogo mbele yetu. Akasema tangu wahamie mtaa ule alikuwa akitamani kumweleza jirani habari za Yesu, na kila mara alikosa pa kuanzia. Siku hiyo aliulizwa, akajibu, na walikaa mpaka adhana ya magharibi. Jirani yake bado ni Mwislamu, anaswali na anafunga, na sikumsikia mama yule akilisema hilo kwa masikitiko. Alisema kwamba tangu siku ile wanaulizana mambo ya Mungu bila kuogopana, na mtoto wa jirani alipolazwa, mama wa mtoto alimpigia simu usiku akamwomba amwombee.

Jibu la yule jirani limekaa na mimi. Kumsitiri mtu ni jambo kubwa katika malezi ya Waislamu wa pwani yetu, na yeye alikuwa amelitenda kwa mama huyu miezi na miezi, huku akinunua maharage pungufu. Mkristo alikwenda kushuhudia akakuta ameshatangulizwa wema. Tunapojiandaa kuwapelekea wengine imani yetu, mara nyingi tunajiwazia kwamba tunakwenda na mikono iliyojaa kwa watu wenye mikono mitupu. Yesu mwenyewe aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kabla hajamwambia neno lolote juu ya maji ya uzima, na alikuwa na kiu kweli.

Ni kwa sababu hiyo ninapata shida na aina fulani ya ujasiri tuliouzoea. Tangu miaka ya 1980 miji yetu imeshuhudia mihadhara ya wazi ambayo wahubiri wa dini mbili wanashindana, vitabu viwili vimefunguliwa mezani, umati unashangilia kila mmoja anapomkwamisha mwenzake. Ushangiliaji ule unafaa Simba na Yanga. Sijui ni nani anayetoka pale akiwa na njaa ya Mungu, na ninajua watu waliotoka pale wakiwa hawasalimiani tena na jirani. Kuitukana imani ya mtu mbele ya watu wa upande wako, nao wakakupigia makofi, hakuhitaji ushujaa wowote. Petro yule aliyekana ndiye anayehusishwa na waraka unaowaagiza Wakristo wawe tayari kumjibu kila anayewauliza juu ya tumaini lao, nao wafanye hivyo kwa upole na heshima. Aliyeandika hivyo alijua kinachotokea mtu anapotumia upanga kumtetea Bwana: masikio yanakatika, na watu hawasikii tena.

Pia siridhiki imani inaposhuka kutoka juu pamoja na mshahara. Bosi anayewalazimisha walio chini yake kuhudhuria maombi ya asubuhi hajahatarisha kitu. Mwalimu anayemshinikiza mtoto wa dini nyingine, au mgawaji wa chakula cha msaada anayetanguliza mahubiri na kuchelewesha unga, wanatumia nguvu zao, na aliye mbele yao hana uhuru wa kusema hapana. Mfano ninaoupenda katika Maandiko unatoka upande wa pili kabisa. Ni yule msichana mdogo wa Israeli, ambaye hata jina lake hatukupewa, aliyetekwa na majeshi ya Shamu akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Bwana wake alikuwa jemadari wa jeshi lililomtoa kwao, na alikuwa na ukoma. Msichana angeweza kukaa kimya akamwacha aoze. Alimwambia bibi yake kwamba nyumbani kwao yupo nabii awezaye kumponya. Hakuwa na cheo cha kujificha nyuma yake, na nyumba nzima ilimjua. Walimsikiliza, nadhani, kwa sababu waliokuwa wakimwona kila siku jikoni na kisimani hawakuwa na sababu ya kumshuku.

Ujasiri wa namna hii unakua kwa mazoezi, na Uganda inao mfano mkubwa kuliko yote katika karne iliyopita. Januari 1948 mwalimu kijana wa shule huko Acholi, Janani Luwum, aliokoka katika uamsho ule, akaanza kusimama kwenye mikusanyiko ya vijijini kusema habari zake mwenyewe, dhambi zake na msamaha aliopata. Miaka ilipita akawa kasisi, askofu, na mwaka 1974 Askofu Mkuu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin walivamia nyumba yake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua, wakamweleza waziwazi mauaji na dhuluma iliyokuwa ikifanyika nchini. Tarehe 16 Februari aliitwa na serikali, akahukumiwa kwa kelele za askari, akachukuliwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Waliouona mwili waliona matundu ya risasi.

Wengi wanamkumbuka Luwum kwa siku yake ya mwisho. Mimi humfikiria katika miaka ile isiyojulikana, mwalimu wa kijijini anayesimama chini ya mti mbele ya watu waliokua naye na kuwaambia ukweli juu yake mwenyewe. Mtu aliyefanya hivyo kwa muda wa karibu miaka 30 alikuwa amezoea kusema ukweli mbele ya wanaomtazama. Alipofika mbele ya Amin, zoezi halikuwa geni. Festo Kivengere, askofu mwenzake aliyetoroka kwa miguu usiku kupitia milimani hadi Rwanda, mwaka huohuo alichapisha kitabu kwa Kiingereza alichokipa jina linalosema anampenda Idi Amin. Watu walishangaa. Kwa waliowajua ndugu wa uamsho, hilo lilikuwa ushuhuda uleule wa siku zote: kusema kwanza chuki iliyo moyoni mwako, kisha kuikataa.

Nilisema nitairudia lawama. Uamsho ulipozeeka, sehemu ya ushuhuda wake iligeuka desturi. Ukaanza kuwasikia watu wakisimulia dhambi za miaka 20 iliyopita kwa maneno yaleyale kila juma, ilhali ugomvi wa jana na mkwe haukutajwa. Wengine walipimana kwa nywele na mavazi. Wapo waliokiri hadharani mambo yaliyowahusu watu wengine, wakawavunjia heshima wasiokuwepo kujitetea. Kukiri kwa namna hiyo kunaumiza, na mchungaji mwenye busara anajua lipi la kusema mbele ya watu na lipi la kusema kwa aliyekosewa peke yake.

Kuna lililo zito zaidi. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994. Huko Nyamata na Ntarama, kusini mwa Kigali, maelfu ya watu walikimbilia makanisani wakiamini hakuna atakayethubutu kuwafuata humo, wakauawa humohumo, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Hakuna Mkristo wa eneo hili anayeweza kuandika juu ya kushuhudia akaliruka hilo. Watu walikuwa wamejifunza kukiri wizi, ulevi na uzinzi. Dhambi ya kumchukia mtu kwa kabila lake, wengi hawakuwahi kuisikia ikitajwa kwa jina kwenye ushuhuda, kwa sababu kuitaja kungemweka msemaji upande wa pili wa watu wake mwenyewe. Na huo ndio ushuhuda mgumu kuliko wote: kuwaambia wa kwenu.

Wapo waliousema. Nyamata hiyohiyo, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho aliyewahudumia Watutsi waliohamishiwa huko kwa nguvu, alichukuliwa na askari akauawa. Na Aprili 1994, mjini Gisenyi, Félicité Niyitegeka, Mhutu na Mkatoliki aliyejiweka wakfu kwa utumishi wa kanisa, aliwaficha Watutsi katika nyumba aliyoisimamia na kuwasaidia kuvuka kwenda Kongo. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi na alimtaka aondoke ili asalimike. Alikataa kuwaacha wageni wake, akafa pamoja nao. Rwanda leo inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake. Alichowaambia wauaji juu ya Kristo, alikisema kwa kubaki mlangoni.

Nikirudi kwenye hofu zetu ndogo, ile ya kutojua maandiko haipaswi kumzuia mtu. Yule kipofu aliyeponywa katika Injili ya Yohana alibanwa na wasomi wa dini mpaka wakamfukuza. Walipomwambia kwamba Yesu ni mwenye dhambi, alisema hilo halijui. Alishika jambo moja alilolijua, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona, na waliokua naye walikuwa wanajua kwamba ni kweli, maana walimzoea akiomba barabarani. Mtu akikuuliza habari ya Utatu nawe hujui, mwambie hujui, umwahidi kumuuliza mchungaji au katekista, kisha urudi na jibu. Kurudi kwako kutamwambia mengi kuhusu unyoofu wako. Lakini akikuuliza Yesu amekufanyia nini, hilo usimtume mchungaji.

Kwa wachungaji wetu nina ombi. Katika sharika nyingi za mjini ratiba ya ibada imebanwa na matangazo, michango na kwaya nne, na nafasi ya ushuhuda imefutwa au imeachiwa waliopata magari na visa. Rudisheni nafasi hiyo, hata ikiwa ni Jumatano jioni nyumbani kwa mtu, watu wakiwa wachache na wanajuana. Wafundisheni vijana wa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, na wa kwaya kusema yaliyo ya kweli kwa ufupi na kwa adabu, pasipo kutia chumvi. Na ninyi wenyewe mtangulie. Waumini wanahitaji kumsikia mchungaji wao akiomba radhi kwa jambo la mwezi huu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, unamjua mtu ambaye umetamani kumweleza habari za Kristo na umeshindwa. Yamkini ni mtu wa nyumbani kwako. Kabla hujatafuta maneno, jiulize anakudai nini: fedha, radhi, au ukweli uliomficha. Mpelekee wiki hii, uso kwa uso, bila kutanguliza mahubiri na bila kumwekea sharti. Akikuuliza nani amekutuma, mwambie.